Mwenyekiti wa Kushindwa

Shemeji yangu Kaz Dudek anaujua mpira wa kikapu kuliko makocha wote waliowahi kuifundisha timu yetu, na asiyeamini amuulize yeye mwenyewe. Kuucheza hasa, aliucheza wiki mbili, shuleni, mwaka wa sabini na tatu. Akateguka kifundo cha mguu akishuka kwenye basi, na tangu siku hiyo ni mtaalamu. Miaka thelathini na minane alikata vioo vya mbele vya magari kiwandani hapa Toledo, na kila alipotoka kazini alikula, akajitupa mbele ya televisheni, akaanza kuwafokea vijana wa watu wenye urefu wa futi saba. Dada yangu Irena alimkubali mtu huyu kwa hiari yake. Nilikuwepo kanisani, sikuona aliyemshikia bunduki.

Timu yenyewe inaitwa Wapuliza Vioo. Sisi tunaiita Vioo tu, halafu tunashangaa kwa nini kila mwaka inavunjika kabla ya Krismasi. Kaz ana viti vyake kule juu, safu ya mia mbili na kumi na nne, tangu timu ianzishwe. Kwa ajili ya viti hivyo alikosa ubatizo wa mpwa wake, alikosa mazishi ya bosi wake (hapo simlaumu), na siku moja, Mungu amsamehe maana Irena bado hajamsamehe, alikosa sherehe ya miaka ishirini na mitano ya ndoa yake mwenyewe. Siku ile Vioo walifungwa kwa tofauti ya pointi thelathini na moja. Akarudi nyumbani akatuambia tulikosa mechi nzuri.

Msimu huu uliokwisha ndio ulionifanya niandike. Kwaresima kila Ijumaa tunakaanga samaki katika ukumbi wa parokia, mimi nikiwa jikoni nawapaka unga, Irena akizungusha sahani, na Kaz akiwa meza ya kati akizungusha ulimi. Meza ile ina wenyewe. Yupo mzee Tolliver, fundi wa mabasi mstaafu, ambaye ni Mbaptisti siku sita za wiki lakini Ijumaa tumbo lake linakuwa Katoliki. Yupo na Marge Nagy, dereva wa basi la shule, mwanamke mwenye nyonga ya chuma na daftari lenye takwimu za kila kijana anayecheza kikapu katika vyuo vya Marekani. Kuanzia mwezi wa pili watu hawa hawazungumzi habari za mechi tena. Mechi tumeshafungwa. Wanazungumza habari za vijana watakaoingia ligi mwezi wa sita, na nani tumchague ili tuijenge timu upya. Tumekuwa tukiijenga upya kwa miaka kumi na minne. Kanisa kuu la jijini lilijengwa haraka zaidi.

"Pettiway," Tolliver akasema Ijumaa ya kwanza, kabla hata hajakaa. "Sitaki kusikia jina lingine. Yule mtoto ana macho kisogoni."

"Ana macho kisogoni kwa sababu usoni hana," Marge akamjibu. "Asilimia ishirini na saba akitupa kutoka mbali, mzee wangu. Ishirini na saba! Hata mimi na nyonga hii naipata."

"Wewe unamtaka yule Mlithuania wako."

"Ndiyo namtaka. Futi saba na inchi mbili. Akinyoosha mkono hapa anazima taa za majirani zetu kule Cleveland."

"Na miguu je? Umeiona ile miguu? Ile miguu au tambi?"

"Atanenepa. Mlete hapa, Bernadina ampe pierogi zake, zile sambusa za viazi na siagi."

"Msiniingize," nikawaambia kutoka jikoni. "Nina samaki mia mbili hapa."

Kaz aligonga kikombe kwa uma. Ana tabia hiyo, ya kugonga kikombe, kana kwamba yupo bungeni. "Nyie mnachagua jina la mtoto na mimba haijaingia," akasema. "Kwanza tuhakikishe chaguo ni letu."

Hapo alikuwa na hoja, lazima niseme ukweli. Utaratibu wa ligi ni huu, na ninaueleza mara moja tu. Timu mbovu kupita zote ndiyo inayopewa nafasi nzuri katika bahati nasibu ya kuchagua vijana wapya. Yaani ukijituma unaadhibiwa, ukizembea unazawadiwa. Na sisi tulikuwa na balaa la ziada. Miaka mitatu nyuma mabosi wetu, watu wa suti nzuri sana, walimchukua mkongwe mmoja mwenye goti bovu kutoka timu nyingine, na kwa malipo wakaahidi chaguo letu la mwaka huu, kwa sharti moja: likiangukia katika nafasi nne za kwanza linabaki kwetu, likishuka hadi ya tano limekwenda kwao. Mkongwe alicheza mechi kumi na moja. Goti lilicheza sita.

"Kwa hiyo," Kaz akasema, "tushindwe. Tena tushindwe kwa mpango. Tukishindwa ovyo ovyo kama miaka yote hatufiki popote."

Na mpango alikuwa nao, umeandikwa nyuma ya karatasi ya bingo. Nyota wetu aumwe mgongo. Kocha awachezeshe watoto wasiojua kukaba. Na mabosi walete vibonde kutoka ligi ndogo. "Vile vibabu vya kuzungukazunguka na mabasi," akasoma, amevaa miwani. "Watu ambao wenyewe wanajua hawawezi."

Irena alikuwa amebeba sahani saba. Akasimama nazo. Kila mtu ukumbini mle alijua kwamba mtoto wao yuko ligi ndogo, isipokuwa, kwa dakika ile, baba yake.

"Nani hawezi, Kaz?" dada yangu akauliza.

"Aa, si Tad, Mama Tad! Naongea kwa ujumla."

Irena akaziweka sahani zile mbele ya watu wasioziagiza, akarudi jikoni.

Tad ni mtoto wao wa pekee. Ana miaka thelathini na mmoja, futi sita na inchi sita, na kwa miaka tisa amekuwa akicheza mpira popote anapoitwa: Ufini, Poland, Ufilipino, kisha ligi ndogo, ambako wanasafiri saa kumi na moja kwa basi kwenda kucheza mbele ya watu mia nne na mtu aliyevalia kama bata ili kuwachangamsha. Ni kijana mpole, sijui upole ameutoa kwa nani. Ligi kubwa hakuwahi kuikanyaga. Siku moja wakati wa Krismasi alikuwa akinisaidia kukata kabichi, nikamuuliza ataacha lini. Hakukasirika. "Mama mdogo," akaniambia, "nataka pointi moja tu. Ukiipata moja, jina lako linaingia kwenye orodha ya wafungaji wa ligi kubwa, na halifutwi hata ukifa. Moja tu, halafu naacha, narudi nafundisha watoto shuleni." Nilimwambia akate kabichi nyembamba zaidi. Ndivyo tulivyo katika ukoo huu, mtu akikufungulia moyo unamsahihisha kisu.

Basi, Kwaresima ikaendelea na Vioo wakaendelea kufungwa. Mgongo wa nyota ukauma kweli, Kaz akatembea mtaani wiki nzima kama yeye ndiye aliyeuumiza. Lakini bado hakuridhika, kwa sababu vijana wetu, kwa ujinga wao, mara mojamoja walishinda. Ndipo alipobuni lile jambo lililotufanya tuonekane kwenye televisheni nchi nzima. Alichapisha makaratasi mia sita kwenye mashine ya parokia, yenye neno moja jekundu: KOSA! Akayagawa safu za juu. Mchezaji wetu akienda kwenye mstari kutupa mitupo huru, watu wetu wenyewe wanayainua, wanayatikisa, wanapiga kelele ili akose. Mashabiki wa dunia nzima wanawasumbua wageni. Sisi tuliwasumbua wa kwetu. Watangazaji walivunjika mbavu. Kaz akaitwa na redio moja kuhojiwa, wakamwita mwenyekiti, na jina likamganda.

"Mwenyekiti wa nini?" Irena alimuuliza.

"Wa ujenzi mpya," akasema.

"Wa kushindwa," akasema Irena, na jina hilo ndilo mtaa ulilochukua.

Siku sita kabla msimu haujaisha, Jumatatu mchana, simu ikalia nyumbani kwao. Nilikuwa pale, nimekuja kurudisha sufuria. Alikuwa Tad. Vioo walikuwa wamempa mkataba hadi mwisho wa msimu, mechi nne.

Nilimwangalia shemeji yangu usoni na naapa aliona raha. Alisimama. Akashika ukuta. "Loo!" akasema. "Loo, mwanangu!" Kama angekata simu hapo, nisingekuwa na la kuandika. Lakini akakohoa, akasema: "Basi mabosi wamenisikia. Walichukua mpango wangu kama ulivyo." Sijui Tad alijibu nini upande wa pili. Irena alinyoosha mkono apewe simu, na Kaz alipompa, akachukua ile ya mkononi, akampigia Tolliver.

"Hongera, Kaz," nilimsikia Tolliver akicheka, maana anaongea kwa sauti ya karakana. "Umetuzalia silaha!"

Na Kaz akacheka naye.

Katika mechi tatu za kwanza Tad alicheza dakika kumi na moja kwa jumla. Alitupa mara tano, akakosa mara tano. Tulifungwa zote tatu. Ikabaki moja, ya Jumapili, nyumbani. Timu iliyo juu yetu mkiani ilishamaliza mechi zake na ilituzidi ushindi mmoja tu, kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi hata kwangu: tukifungwa Jumapili tunakuwa wa mwisho peke yetu, tukishinda tunalingana nao na chaguo linaponyoka zaidi.

Ijumaa ile Tad alikuja ukumbini kula samaki. Jamani, alipokewa! Watu walisimama kwenye foleni kumshika mkono. Wengine hawajamsalimia tangu alipopata kipaimara.

"Usituangushe!" mmoja akapiga kelele.

"Yaani tuangushe!" mwingine akamsahihisha, na ukumbi ukalipuka.

Marge akamfungulia daftari amwonyeshe. "Tazama, mpenzi. Ukiwa uwanjani tunazidiwa pointi moja na robo kila dakika. Hakuna mtu katika ligi nzima anayekufikia. Hakuna!" Alisema hivyo kwa upendo, na ndiyo sababu sikujua nimkaripie vipi.

Tad alitabasamu, akasema asante. Alichukua sahani yake akaja kwenye meza ya kati, akamwinamia baba yake. Nilikuwa naleta kachumbari ya kabichi, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Baba," akasema polepole, "kocha kasema Jumapili atanichezesha sana. Nikipata nafasi, nifanyeje?"

Aliuliza kweli. Hakuwa anatania. Mtu wa miaka thelathini na mmoja alikuwa anaomba ruhusa ya baba yake. Lakini meza nzima ilishageuka kusikiliza, na Kaz, ambaye hajawahi kuwanyima watu burudani, aliegemea kiti, akampiga mwanawe begani.

"Fanya kama unavyofanya siku zote," akasema.

Walicheka hadi Tolliver akapaliwa na samaki. Tad pia alicheka. Na mimi nilicheka, sitajisafisha hapa, nilicheka nikiwa na bakuli mkononi. Kisha nikaona sahani yake ameiacha kama ilivyo, samaki mzima, limau halijakamuliwa, na yeye anavaa koti. Irena alikuwa mlangoni kumfungulia. Nilitegemea Kaz atamfuata. Alinyanyuka kidogo, hilo nililiona, halafu Tolliver akamtaja Pettiway na akakaa.

Jumapili mchana uwanja ulijaa pomoni. Watu elfu kumi na tano kuja kuombea timu yao ifungwe! Wageni nao walikuwa wamewapumzisha wakubwa wao wote, kwa hiyo ilikuwa mechi ya wasiotaka dhidi ya wasioweza. Tulikaa safu yetu, Kaz, Irena, mimi, Tolliver na Marge. Mara tatu watu walimwomba Kaz aongoze kelele na mara tatu akasema koo linamuuma.

Robo ya nne kocha akamwingiza Tad, na akamwacha humohumo. Na jambo la ajabu, yule mtoto alicheza. Alikaba. Alipiga mbizi kufuata mpira ukitoka nje akaangukia mpiga picha. Alitoa pasi mbili nzuri ambazo wenzake walizipoteza. Kutupa, alitupa mara moja, mpira ukazunguka ukingoni ukatoka, na uwanja mzima ukashangilia. Irena alinishika kiganja, kucha zake zikaniingia.

Ikabaki sekunde moja, tukiwa nyuma kwa pointi moja. Mpira ukamfikia Tad chini ya kikapu, akaruka, na kijana mmoja wa wageni, ambaye nadhani hakuambiwa kwamba tunakubali kufungwa, akampiga mkono. Refa akapuliza. Mitupo huru miwili. Akiingiza mmoja, jina lake limeandikwa. Akiingiza yote miwili, tumeshinda, na mpango wa Kaz umekwenda na maji.

Makaratasi yakainuka. Si mia sita tena, watu walikuwa wameyanakili, yalikuwa maelfu, pande zote, hasa nyuma ya kikapu alikokuwa anatazama. KOSA! KOSA! KOSA! Sijawahi kusikia kelele kama zile katika jengo lile, hata mwaka ule tulipoingia mtoano.

Kaz akasimama juu ya kiti. "Shusheni!" akapiga kelele. "Shusheni hayo makaratasi! Yule ni mwanangu! Tad, ingiza! Ingiza, mwanangu!"

Watu wa safu yetu wakamtazama, wakafurahi kupita kiasi. Walidhani ni mzaha mpya wa mwenyekiti. "Ingiza, mwanangu!" wakamwigiza, wakicheka, wakatikisa makaratasi kwa nguvu zaidi. Akampokonya mmoja lake akalichana, naye akatoa lingine. Akamshika Tolliver kola. "Waambie wanyamaze, Tolliver! Waambie!" Tolliver alikuwa amekwisha kulishusha la kwake. Alikuwa amelikalia. Lakini mtu mmoja atawanyamazisha wangapi?

Mtupo wa kwanza uligonga nyuma ya chuma ukatoka. Wa pili haukufika, haukugusa kitu ila ncha ya wavu kwa nje.

King'ora kikalia, na watu elfu kumi na tano wakasimama wakampigia makofi Tad Dudek. Makofi ya kweli, ya muda mrefu, jina lake likiimbwa. Alibaki palepale kwenye mstari, mikono kiunoni, akiutazama ule wavu. Mtu nisiyemjua akamkumbatia Kaz kwa nyuma na kummwagia bia kichwani, akimwambia amezaa shujaa. Kaz alisimama juu ya kiti chake akiwa amelowa, na hakujipangusa.

Kwa wale wanaosubiri habari za timu, niwamalizie. Wa mwisho kabisa hawezi kushuka zaidi ya nafasi ya tano, na mwezi uliofuata bahati nasibu ilitushusha hadi hapohapo, ya tano. Chaguo likaenda. Pettiway yuko kwingine, Mlithuania yuko kwingine, na Marge ameanza daftari jipya. Kaz hakuitazama bahati nasibu. Siku ile alikuwa akipalilia bustani ya Irena, na alikuwa hajui gugu ni lipi.

Lakini Jumapili ile ile, baada ya mechi, tulizunguka hadi mlango wa nyuma wanakotokea wachezaji. Tad alikuwa ameshatoka, begi begani, nywele zimelowa. Watu hamsini walikuwa wamepanga foleni, wanamshukuru, wanamletea kofia na tiketi azitie saini. Alizitia zote. Kila aliyemshukuru, Tad alimjibu karibu, kwa adabu, macho chini. Kaz hakusukuma mtu. Alisimama mwishoni mwa foleni, mimi na Irena nyuma yake, akasogea hatua kwa hatua kama wengine mpaka zamu yake ikafika. Tad alinyoosha mkono apokee cha kusaini, akainua uso.

"Baba," akasema.

Shemeji yangu, mwenye neno kwa kila kocha na kila kijana wa futi saba, aliikunjakunja tiketi yake mkononi. Mwisho akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba: "Ulifanya makusudi, sivyo? Kwa ajili ya timu."

Irena aliangalia lami. Nami nilimwomba Mungu yule kijana aseme ndiyo, hata kama ni uongo, tuingie wote kwenye gari twende tukale. Tad alifunika kalamu, akaitia mfukoni, akamtazama baba yake moja kwa moja.

"Hapana, Baba," akasema. "Nilikuwa nazitaka pointi zote mbili."